Siku Nilipotoa Mawe Kwenye Tangi la Maabara

Wenzangu mnaobaki maabara, nimeandika haya kwa mkono wangu kwa sababu Mkuu wa shule alinisimamisha getini siku ya kuniaga akasema, "Mama Safari, usiondoke na kazi yote kichwani." Mimi ni wa darasa la saba. Mtakuta nimeeleza kwa kirefu kitu mnachokijua na kwa kifupi kitu msichokijua. Mnivumilie. Kila niliyemtaja nimejaribu kumtendea haki, na pale nisipokuwa na hakika nimesema sina hakika.

Nitasema mengi juu ya tangi la kioo, lile dogo lenye mimea na visamaki, maana ndilo mtakalolirithi kwangu. Lakini zaidi nataka mjue wiki moja ambayo tangi hilo, kwa mikono yangu, lilitaka kumkosesha kazi mwalimu asiye na kosa. Wapo wanaosema hayo yalikwisha, yaachwe. Mimi naona ni afadhali myapate kwangu kuliko kwa watu.

Siku ya kwanza nilifika kwa miguu kutoka Maisaka, nimevaa viatu vya kanisani. Mhudumu wa maabara wakati ule alikuwa Mzee Tluway. Aliniangalia miguuni akasema, "Hivyo vitaliwa na asidi. Una vingine?" Sikuwa na vingine. Akanipa ndala zake za akiba, nikashinda nikiburuza miguu kama mgonjwa. Alikuwa mtu wa Mbulu kama mimi, ila ndani ya maabara alinisemesha Kiswahili tu. Kiiraqw, lugha yetu, tulikiongea tukishafunga mlango. Sikumpenda mara moja. Alikuwa mtu wa kufoka, na alikunywa chai kwenye chombo cha kioo cha maabara huku akitukataza sisi kula hata karanga mle ndani. Nilipomwuliza akasema chombo chake anakijua. Sikuona kama hilo ni jibu, na mpaka leo sioni.

Tangi aliachiwa na mwalimu mmoja aliyehama. Urefu wake ni rula mbili za wanafunzi, upana rula moja, na kimo kinazidi rula kidogo. Chini yake kuna kipande cha godoro, msikitoe. Kioo kikikaa juu ya meza yenye hata punje moja ya mchanga, kinapasuka siku ambayo huitegemei. Nilitegemea kwamba kupanga tangi ni kutia maji, kupanda majani na kuachia samaki. Mzee Tluway alinipa chaki.

"Chora tangi hapa juu ya benchi. Kipimo kilekile."

Nikachora.

"Sasa weka mawe yako humo. Weka na mimea. Panga kavu kwanza. Majini utakuwa unahangaika na matope, huwezi kufikiri."

Nikaweka jiwe kubwa katikati, la pili kulia na la tatu kushoto, sawasawa, nikafurahi. Akaangalia akasema, "Umetengeneza altare ya kanisa." Akalisogeza jiwe kubwa upande, akaliegemeza kidogo kama limeanguka hapo lenyewe, mawili madogo akayaweka karibu yake kwa chini. Mara moja ile chaki ikawa kama mahali pa kweli. Siwezi kueleza vizuri zaidi ya hapo. Alisema mawe yawe matatu au matano, lile kubwa lisikae katikati, na mbele kabisa paachwe wazi ili jicho lipate pa kuingilia.

Chini aliweka udongo mweusi wa ukingoni mwa ziwa, uliokaushwa na kuchekechwa, unene wa kidole gumba. Juu yake mchanga wa chengachenga uliooshwa mpaka maji yatoke meupe. Nyuma mchanga upande juu, mbele ushuke; tangi linaonekana refu kuliko lilivyo na uchafu unajikusanya mbele unakoweza kuuvuta kwa mpira. Maji ya bomba yalale siku mbili kwenye ndoo. Ukimimina, weka sahani juu ya mchanga, umimine juu ya sahani. Mimea mirefu nyuma, ile yenye majani kama utepe. Yungiyungi moja tu pembeni, maana yakiwa mawili yanafunika mwanga wa mimea mingine. Katikati, nyuma ya mawe, ule mmea wenye shina laini na vijani vidogo vilivyolizunguka. Kitabu kina jina lake refu; Mzee Tluway aliuita mkia, na mimi nitauita mkia.

Mimea tuliwaomba wenye mitumbwi watuletee. Mzee Tluway hakutaka twende wenyewe ziwani, alisema viboko hawasomi barua ya Mkuu. Ikifika haiingii kwenye tangi. Inalazwa kwanza kwenye ndoo ya maji ya shabu, ile ile ya vinyozi, siku nzima hadi ya pili, konokono na mayai yao wafe. Konokono wa huku wanabeba kichocho, na wanafunzi wanatia mikono. Hilo msilipunguze hata mkiwa na haraka.

Kosa langu la kwanza kubwa lilikuwa la mawe. Nilikwenda kumsalimia shangazi huko bondeni kwenye ardhi ya magadi, nikaona mawe meupe mazuri, nikabeba kwenye kanga mpaka Babati. Nilipanga tangi likapendeza hata walimu wa masomo ya sanaa wakaja kuona. Siku ya nne visamaki vyote sita vilikuwa vinaelea. Mzee Tluway hakufoka. Alitoa jiwe moja, akalikausha, akalidondoshea siki. Likachemka povu.

"Jiwe linalochemka usiliweke kwenye maji," alisema. "Shangazi yako analainisha maharage kwa kitu hicho hicho. Na samaki wako umewalainisha."

Tangu hapo sijaweka jiwe bila siki. Na nyie chupa ya siki iko rafu ya chini, msiichukulie kachumbari.

Jambo la pili alilonifundisha ni kunyamaza. Kabla ya mtihani wa vitendo inakuja karatasi ya maandalizi ndani ya bahasha. Inaonwa na watu watatu: Mkuu, mwalimu wa somo na mhudumu wa maabara. Wote wanasaini. Haina swali, ina orodha ya vifaa tu, lakini mtu mwenye akili akijua vifaa amejua swali. Mzee Tluway alisema, "Nyumbani ukiulizwa kazi ilikuwaje, sema ilikuwa nzuri. Basi." Nilifanya hivyo miaka yote. Mume wangu, Baba Safari, analalamika hadi leo kwamba alioa redio iliyozimwa. Kama kuna kitu nilijivunia katika kazi hii ni mdomo wangu. Mzee Tluway alipostaafu, na baadaye alipofariki, niliendelea peke yangu, na sikuwahi kumwambia mtu neno moja lililokuwa kwenye karatasi ile. Hilo ni kweli, na mtaona halikusaidia.

Sasa nakuja kwenye wiki yenyewe. Ilikuwa imebaki miaka miwili nistaafu.

Tulikuwa na mwalimu wa kujitolea, Mwalimu Hadija, binti wa muuza vitenge pale mjini. Alikuwa mwembamba, mwepesi wa kucheka, akifundisha Bayolojia peke yake kidato cha kwanza mpaka cha nne. Alikuwa anaomba ajira ya serikali. Maombi yalihitaji barua ya Mkuu inayosema amejitolea na mwenendo wake ni mzuri. Barua ilikuwa imeshachapwa, iko mezani kwa Mkuu, inasubiri sahihi. Maombi yalikuwa yanafungwa siku ya Ijumaa.

Wiki tatu kabla ya mtihani wa majaribio, ule tunaofanya pamoja na shule za jirani, bahasha ilikuja. Tukasaini watatu: Mkuu, Mwalimu Hadija na mimi. Nilitakiwa kuandaa mmea hai wa majini kwa wanafunzi arobaini na wawili, na faneli, na mirija ya kioo, na baking soda. Mkia kwenye tangi ulikuwa mashina kama kumi na mawili. Nikaona hautatosha. Nikaagiza mwingine ziwani, nikaulaza kwenye shabu, kisha nikafanya nililoona ni la akili. Nilitoa mawe yote. Niling'oa utepe. Yungiyungi nikalihamishia kwenye ndoo stoo. Nikapanda mkia mtupu, safu kwa safu, kama matuta ya vitunguu, na meza nikaisogeza mpaka dirishani upate jua. Tangi lilikuwa baya. Nikajiambia ni la kazi, si la pambo.

Jumatatu ya wiki ya mtihani nilikuwa natoka stoo na ndoo. Mwalimu Margwe, mwalimu wa taaluma, alikuwa amesimama mlangoni pa maabara, mkononi ana karatasi ya mtihani aliyokabidhiwa na Mkuu asubuhi hiyo, na Mwalimu Hadija mbele yake.

"Mwalimu Hadija, swali limetoka."

"Swali gani?"

"Unaniuliza mimi? Aliyesaini ni wewe."

"Sijamwambia mtu, Mwalimu Margwe. Wallahi sijamwambia mtu."

"Nimepita nyuma ya darasa la kidato cha nne. Wamekaa vikundi vikundi, wanachora faneli imepinduliwa juu ya mmea, wanahesabu mapovu. Wote! Wameoteshwa ndoto?"

"Nimefundisha usanisinuru wiki mbili zilizopita. Upo kwenye muhtasari!"

"Na mada nyingine zote ziko kwenye muhtasari. Mbona hawachori figo?"

Usanisinuru ni jinsi mmea unavyojitengenezea chakula kwa mwanga, na jaribio lake ndilo hilo la mapovu. Mwalimu Margwe akageuka akaniona. "Na Mama Safari naye alisaini," alisema, kisha akajijibu mwenyewe: "Ah, huyu mama atavujisha nini? Hata hilo neno hawezi kulitamka."

Ni kweli, wakati ule lilikuwa linanishinda. Na nilishukuru. Naliandika hili kwa aibu: nilishukuru kudharauliwa.

Kwa haki, Mwalimu Margwe hakuwa mtu mbaya. Alisoma shule hii hii, akafundisha kwingine, na huko aliona darasa zima likifutiwa matokeo kwa kosa la mtu mmoja. Aliogopa. Mkuu naye hakuwa na pa kutokea. Alimwambia Mwalimu Hadija asiingie darasani mpaka bodi ya shule ikae, na bodi ingekaa wiki inayofuata. Barua ikabaki mezani bila sahihi. Kila mtu alijua kuwa Ijumaa ikipita, bodi hata ikimsafisha, ajira ya mwaka huo imekwenda.

Siku ya Jumanne Mwalimu Hadija alikaa chumba cha walimu mikono mapajani. Walimu waliingia na kutoka wakimsalimia kwa haraka. Mimi nilikuwa nakata mkia, kila kipande urefu wa kidole. Wanafunzi wa kidato cha nne waliingia kurudisha stuli. Msichana mmoja, Fabiola, kiranja wao, alipita karibu na tangi akasema, "Duh, mama, umekua!"

"Nini kimekua?"

"Hamna, mama." Wenzake wakacheka, wakatoka wakisukumana.

Niliendelea kukata. Nilijiambia ni utoto tu. Nilijiambia mimi sijasema. Nilirudia hivyo mara nyingi, nikaona kwamba mtu asiye na wasiwasi hawezi kurudia hivyo mara nyingi.

Jumatano vipindi vya asubuhi vilipoisha nilifunga mlango wa maabara kwa ndani. Sijui kwa nini sikuwahi kufanya hivi kabla. Nilichukua stuli ya mwanafunzi, nikaiweka nyuma ya benchi la tatu wanapokaa wao, nikakaa, nikaangalia mbele.

Miaka yote nimeliangalia tangi nikiwa nimesimama juu yake na mkono majini. Kutoka benchi la tatu ni kitu kingine. Ukikaa hapo, mbele yako kuna ubao, na kando ya ubao, kwenye mwanga wote wa dirisha, kuna sanduku la kioo lililojaa mmea wa aina moja. Halina jiwe. Halina utepe. Mapovu yanapanda kwenye kila shina, yanametameta. Mtu aliyelizoea tangi lenye mawe matatu na yungiyungi pembeni hahitaji kuambiwa. Nilikuwa nimeliandika swali, nikalitundika dirishani kwa wiki tatu.

Ilikuwa saa nane mchana. Nilitoka. Mlango wa Mkuu ulikuwa wazi, nilimwona anaandika. Ningeweza kuingia. Nilifikiri miaka miwili iliyobaki. Nilifikiri, labda si tangi, labda Mwalimu Hadija kweli alisema, utajiingiza bure. Nilifikiri jinsi Mwalimu Margwe angecheka. Nikarudi, nikachukua ufagio, nikafagia maabara ambayo nilikuwa nimeshaifagia.

Alhamisi asubuhi Mwalimu Hadija alikuja na koti lake jeupe limekunjwa mkononi.

"Shikamoo, Mama Safari."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimeleta koti. Na ufunguo wa kabati la dawa."

"Nani amekuambia urudishe?"

"Hakuna. Nimeona nisisubiri kuambiwa." Akajaribu kutabasamu. "Baba anasema nirudi dukani. Anasema vitenge havina mtihani wa vitendo."

Aliweka ufunguo juu ya benchi, polepole, usitoe sauti. Nikaona kwamba huyu mtoto anaondoka na jina baya, na jina lenyewe ni langu. Nilimwambia, "Kaa hapo. Usitoke hapo." Nikaenda na aproni yangu imelowa.

Mkuu alikuwa na Mwalimu Margwe. Nilisema nikiwa nimesimama, nikihofia nikikaa nitaacha. "Mkuu, aliyetoa swali ni mimi. Sikusema kwa mdomo. Nimelipanga kwenye tangi."

Walitazamana. Mwalimu Margwe akaguna. "Mama, tunajua unampenda. Lakini huu si wakati wa kumfunika mtu."

"Simfuniki."

"Tangi la samaki limetoa mtihani?"

"Sina hakika, mwalimu. Kwa hiyo nawaomba kitu kimoja. Mwiteni mwanafunzi mmoja. Msimwambie mimi nimesema nini. Mwulizeni tu amejuaje. Akimtaja Mwalimu Hadija, mimi nitanyamaza."

Sikupenda maneno yangu yale ya mwisho, lakini niliona ndiyo haki. Mkuu akatuma aitwe Fabiola. Tukimsubiri, Mwalimu Margwe alikuwa anabonyeza kalamu yake, inatoka, inaingia. Nilitamani kumwomba aache. Nilikuwa naomba Mungu, na sikuwa na hakika naomba nini: kwamba nimekosa mimi, au kwamba sikukosa.

Fabiola aliingia, akasalimia, akasimama mikono nyuma.

"Fabiola," Mkuu alisema, "sitakuadhibu kwa jibu lolote la kweli. Swali la vitendo mmelijuaje?"

Alinitupia jicho mara moja, akaangalia chini.

"Mwangalie Mkuu," Mwalimu Margwe alisema. "Nani aliwaambia?"

"Hakuna aliyetuambia, mwalimu. Tumesoma tangi."

"Mmesoma nini?"

"Tangi la mama. Ametoa mawe." Alisema kama mtu anayeeleza jambo la kawaida. "Kila mwaka tangi lina mawe. Mwaka huu ametoa mawe, amepanda ile moja tu, tukajua ni mapovu."

Maneno yangekuwa yameishia hapo, ningebeba. Lakini Mkuu akauliza, "Unasema kila mwaka. Nani amewafundisha kuangalia?"

"Kaka zetu, Mkuu. Na dada zetu. Ukiingia kidato cha nne unaambiwa, mwangalie mama anaandaa nini. Mwaka wa kaka yangu mama aliotesha maharage kwenye pamba dirishani, wakajua ni kuota kwa mbegu. Mwaka mwingine aliacha mkate kabatini uote ukungu. Mwaka wa chura aliagiza vyura kutoka Bonga." Akasita. "Tulijua mama hasemi. Ndiyo maana tunaangalia."

Mkuu alivua miwani. Mwalimu Margwe aliacha kubonyeza kalamu. Akasema taratibu, "Hata sisi..." kisha akafunga mdomo. Sikumwomba amalizie, na hapa sitamjazia maneno.

Msichana alipotoka nilikaa bila kuambiwa nikae. Miaka yote ile. Kila mwaka niliporudi nyumbani na kunyamaza mbele ya mume wangu, watoto arobaini walikuwa wameshasoma. Sijui ni wangapi walifaulu kwa ajili ya maharage yangu. Na Mzee Tluway naye alikuwa anaotesha maharage dirishani kabla yangu. Nilishukuru kwamba amefariki, kisha nikaona haya kwa kushukuru.

Mkuu alichukua barua, akaisaini mbele yetu, akamwita Mwalimu Hadija. Mwalimu Margwe alisimama. "Mwalimu, nilikosea. Naomba radhi." Hakutafuta maneno ya kujikinga, na namhesabia hilo.

"Ulikosea Jumatatu," Mwalimu Hadija alisema. "Leo ni Alhamisi." Mkuu akamweleza yaliyotokea. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akanigeukia mimi.

"Mama Safari, ulijua lini?"

"Jana."

"Jana saa ngapi?"

"Saa nane mchana."

Akaitikia kwa kichwa. Alichukua barua, akatoka karibu akikimbia kwenda mjini kwenye duka la kompyuta. Maombi yake yaliingia Ijumaa kabla ya saa sita, nilisikia kwa watu. Yeye hakuniambia.

Mtihani ulibadilishwa, shule zote zikapima wanga na protini kwenye chakula. Vipande vyangu vya mkia, zaidi ya hamsini, niliviweka kwenye bustani ya kabichi. Nilipewa onyo kwa maandishi, na lilikuwa halali. Mwaka mzima uliofuata Mwalimu Hadija aliniamkia kila siku, shikamoo yenye heshima zote, lakini hakukaa tena maabara kunywa chai na mimi. Sikumlaumu. Mtu akikuachia mzigo wake usiku kucha huku anaujua ni wake, huwezi kusahau uzito kwa sababu tu aliurudia.

Mimi nilirudi kwenye chaki. Hapa nawaomba msome polepole, maana ndiyo kazi yenyewe. Nilichora tangi kwenye benchi nikafikiri upya, si pambo lipendeze vipi, bali mtu aliyekaa benchi la tatu asome nini. Nikaona tangi haliwezi kunyamaza kwa kuwa tupu. Linanyamaza likiwa na kila kitu, siku zote. Kwa hiyo mawe matatu yamerudi, kubwa likiwa kushoto, na hayatoki kamwe. Nyuma ni utepe, kulia yungiyungi moja, nyuma ya jiwe mashina kumi na mawili ya mkia, yakizidi nakata, yakipungua naongeza. Juu vinaelea vijani vidogo kama dengu, vichache. Kama kuna mmea unahitajika kwa wingi unakuzwa kwenye ndoo nyuma ya stoo, na ndoo hizo zina mimea mwaka mzima, mtihani uwepo usiwepo. Maharage yanaota kwenye pamba kila mwezi. Mkate unaota ukungu kila mwezi, na msiwasikilize watakaowaambia kabati linanuka. Na kila mwanzo wa mwezi sogezeni jiwe moja dogo bila sababu yoyote. Wasumbueni kidogo.

Kisha kila bahasha ikifika, fungeni mlango, mkakae kwenye stuli zao. Ya mbele, ya kati, ya nyuma. Mimi sikuwahi kukaa huko mpaka nilipokuwa mzee, na hilo ndilo ninalojilaumu kuliko mawe.

Karibu na mtihani wa mwaka uliofuata Mwalimu Hadija alipata ajira, amepangiwa mbali. Bahasha ilikuwa imeshafika wiki moja kabla, akasaini mwalimu aliyempokea, kwa kuwa yeye alikuwa anakabidhi. Siku yake ya mwisho aliingia maabara. Nilikuwa nakata majani ya utepe yaliyozeeka.

"Shikamoo, Mama Safari."

"Marahaba. Unaondoka kesho?"

"Kesho, basi la asubuhi." Alivuta stuli ya benchi la tatu, akakaa, akaweka mkoba magotini. "Mwaka huu wanatoa nini?"

Nilishtuka. "Mwanangu, unajua siwezi kusema."

"Sikuulizi wewe."

Akainamisha kichwa akaangalia tangi. Niliweka mkasi chini, nikasogea pembeni nisimzibe. Aliangalia mawe, akaangalia mkia, akanyanyua macho mpaka dirishani kwenye maharage, akarudi majini. Alichukua muda mrefu. Alikuwa mwalimu mzuri, najua alikuwa anatafuta kweli. Mimi nilisimama nikisubiri kama mwanafunzi ambaye karatasi yake inasahihishwa mbele yake.

Mwishoni akainuka, akarudisha stuli chini ya benchi, akanipa mkono wake, na mkono wangu ulikuwa bado unachuruzika maji.

"Sioni kitu, mama," alisema. "Sioni kabisa."